Marehemu Hupiga Simu Jumapili

Machi 2, Jumapili

Nimefika salama, begi moja halijafika. Mvua imenipokea uwanja wa ndege na haijaniacha mpaka sasa. Naandika nikiwa kitandani, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama kamba za nguo za jirani. Nguo zimesahauliwa nje.

Masharti ya shule nimesomewa leo kwa mara ya mwisho katika lugha ninayoielewa. Kuanzia kesho ni Kihispania tu, darasani na kwenye nyumba tulizopangiwa. Simu zinawekwa kapuni getini asubuhi. Atakayekamatwa anaongea lugha ya kwao ataosha vikombe vya darasa zima. Kupiga simu nyumbani ni Jumapili mchana, basi. Hoteli yetu imeanza kupata wageni wengi wanaoongea lugha hii, ikanichagua mimi wa mapokezi nije kufundishwa muhula mzima. Nilipoambiwa nilicheza jikoni na mwiko mkononi. Sasa naona nimekuja kufungwa mdomo, na Kiswahili changu kimebaki humu daftarini.

Mwenyeji wangu ni mama mwembamba anayepiga pasi nguo za watu sebuleni kwake. Jina lake limenishinda ulimi, kwa hiyo humu nitamwita Mama Pasi. Tulipokaa kula aliigusa pete yangu kwa ncha ya kidole, akauliza kitu. Kisha akanionyesha picha ukutani: mwanamume mwenye masharubu na kofia ya dereva, na utepe mweusi kwenye pembe ya fremu. Akajigusa kifuani, akanigusa mimi, akauliza tena.

Sasa mimi niko mapokezi mwaka wa kumi na moja. Mapokezi unafundishwa jambo moja kabla ya yote: mgeni akisema usichokielewa, tabasamu, itikia, mengine yatajulikana mbele ya safari. Nikaitikia. Sí. Neno langu la kwanza la Kihispania. Mama Pasi akaweka uma chini, akazunguka meza, akanikumbatia, akalia kwa sauti.

Ndipo nilipoelewa nimeitikia nini. Mume wangu mzima, nimefiwa naye kabla ya chai. Kesho nikipata maneno nitarekebisha.

Machi 3, Jumatatu

Tuko kumi na wawili darasani. Mwalimu ni kijana mrefu anayefuta miwani kila akisikia kosa, na leo miwani imefutwa mpaka nikaihurumia. Pembeni yangu anakaa mpishi wa meli, jamaa mwenye kifua kama pipa, ambaye lugha ya kwao na ya kwetu hazijawahi hata kusalimiana. Tumejifunza kutaja majina na kazi zetu.

Neno la "hai" halimo kwenye somo la kwanza. Nimetafuta.

Machi 5, Jumatano

Mvua. Tumefundishwa rangi. Rangi hazinisaidii.

Machi 9, Jumapili

Simu ya kwanza ya nyumbani. Baba watoto alipokea kabla haijaita mara mbili, nadhani alikuwa ameishika. Akaniambia kitinda mimba ameng'oka jino, kifunguamimba ana mtihani wa hesabu, maharage yaliungua kidogo lakini wamekula. Nilikuwa nimesimama kwenye ujia wa Mama Pasi, nimegeukia ukuta, naongea kwa kunong'ona kama mtu anayezungumza na hawara.

Niseme hapa, maana kwingine sijawahi kusema. Baba watoto alikuwa fundi mitambo. Kiwanda kilifungwa, na tangu hapo yuko nyumbani. Anapika, anafua, anasuka nywele za binti yetu vizuri kuliko ninavyosuka mimi. Ametafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha. Kazini kwangu wanajua mume wangu anasafiri. Wakiuliza yuko wapi wiki hii, nataja mji wowote.

Alipotaka kujua Mama Pasi ni mtu wa namna gani, nilimwambia ni mjane, ana huruma. Akasema, "Mungu amlaze pema mzee wake. Msalimie sana."

Salamu sikuzifikisha.

Machi 12, Jumatano

Nataka ardhi ipasuke.

Leo somo lilikuwa juu ya hisia. Mwalimu hupita kwa wenyeji wetu kuuliza maendeleo, kumbe Mama Pasi kamweleza. Akaja mezani kwangu, akasema jambo taratibu huku ameweka mkono kifuani, kisha akaandika ubaoni maneno ya kumpa pole mtu aliyefiwa. Akawapanga mstari. Mmoja mmoja wakapita mbele yangu, wakanipa mkono, wakasema yale maneno, na mimi nikatakiwa kujibu asante.

Watu kumi na mmoja. Wengine walikuwa wanasoma ubaoni tu, lakini yule Mpishi alinishika mikono yote miwili na machozi yakamtoka ya kweli. Nikajibu asante. Mwalimu hakufuta miwani. Akasema matamshi yangu ni mazuri.

Machi 13, Alhamisi

Kila Alhamisi Mama Pasi huenda makaburini. Leo alinisubiri mlangoni na mafungu mawili ya maua. Nikasema nina mafua, akaelewa nusu, akaenda nyuma ya mlango na kuteremsha koti la mvua la mumewe kutoka kwenye ndoano. Ni koti zito la kijani, la madereva wa magari ya posta, lenye mfuko wa ndani wa kuwekea funguo. Akalipangusa mabega, akanivisha mwenyewe, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni kama unavyomfunga mtoto anayekwenda shule.

Fungu la kwanza aliweka kwa mumewe. La pili akanipa mimi. Alinionyesha kwa mikono: kaburi la wako liko mbali, weka hapa, atapata. "Hapa" ni kaburi la pembeni yake, jiwe lake limefutika maandishi na halina mtu wa kulitembelea. Nikainama nikamwekea maua mtu ambaye Jumapili iliyopita aliniambia habari za jino.

Bibi yangu alikuwa akisema ukimtaja mzima kwenye orodha ya wafu, umemwonyesha njia. Nilitetemeka njia nzima ya kurudi. Mama Pasi akafikiri ni baridi.

Machi 17, Jumatatu

Ninapokosea neno mezani, Mama Pasi hainui macho kutoka kwenye sahani. Husema tu, "Rudia." Nikirudia vibaya, "Rudia." Chakula kinapoa, yeye hajali. Leo kwa sababu ya neno la kijiko nimekula supu ya barafu.

Machi 23, Jumapili

Baba watoto kanitia mtegoni bila kujua. Anataka nimfundishe. Eti siku moja atamsalimia huyo mama anayenilisha, hataki asimame mlangoni kwa watu kama bubu. Akaomba sentensi mbili tu: kwamba yeye ni mume wangu, na kwamba kwa sasa hana kazi, analea watoto.

Nikamuuliza hilo la pili lina haja gani. Akasema, "Si ndilo watu wanalouliza? Unaitwa nani, unafanya nini. Basi nimjibu kabla hajauliza, yaishe."

Nikamwona kwenye mlango huu, na shati lake la kola iliyogeuzwa, akilisema hilo mbele za watu bila hata kuinamisha kichwa. Nikamfundisha. Soy su esposo. Maana yake, mimi ni mume wake, na hilo ni kweli. Kisha nikamfundisha: tengo negocios y viajo mucho. Nina biashara na ninasafiri sana.

Akairudia mara nyingi. Nikamsikia anamwita binti aje asikie. Nikamwambia kwa utani aangalie kwenye simu ya kaka yake kama anatamka sawa, nadhani nilitaka anikamate. Akacheka. "Simu ya nini, na mwalimu wangu ninaye?"

Machi 24, Jumatatu

Mvua kutwa. Sina la kuandika. Ninalo, lakini sitaki.

Machi 30, Jumapili

Sasa ameikariri mpaka anaiimba akikuna nazi. Kitinda mimba naye kaishika. Nyumba nzima inaimba uongo wangu.

Aprili 3, Alhamisi

Mvua ilitukamata makaburini, tukajibanza kwenye kibanda cha mlinzi. Mama Pasi akanisimulia mumewe. Alisema taratibu, kwa maneno ninayoyajua, akiyachagua kama anavyochagua vifungo kwenye kopo lake. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akichelewa chakula. Siku aliyofariki walikuwa wamenuniana kwa sababu ya dirisha lililoachwa wazi, na hadi leo halifungi lile dirisha.

Akaniambia, "Na wako?"

Nikasimulia. Nilisema anapiga mluzi akipika. Nilisema hawezi kupita kitu kilichoharibika bila kukifungua, hata cha jirani, hata hajaombwa. Nilisema watoto wakiumwa humwita yeye kabla yangu. Yote kweli tupu. Maneno yalikuja yenyewe, sikutafuta hata moja, na mwishoni nilikuwa nalia. Mama Pasi akanishika mkono ndani ya mfuko wa koti la mumewe.

Nililia kwa sababu nilimtamani mume wangu. Sijui lini mara ya mwisho nilimsifu hivyo mbele ya mtu. Kumbe mpaka nimwue kwanza.

Aprili 8, Jumanne

Mpishi kaosha vikombe vya darasa zima kwa kutukana kwa lugha ya kwao alipobanwa na mlango. Nilimsaidia kufuta. Ananitendea kama yai tangu siku ile ya pole, hata kiti ananivutia.

Aprili 11, Ijumaa

Tumefanya mtihani wa nusu muhula, nimekuwa wa pili. Mwalimu kanieleza mbele ya wote kwamba sasa naweza kusema jambo lolote ninalotaka, hata kwa makosa, nitaeleweka.

Nilirudi nyumbani polepole, nikapita mtaa wa nyuma wenye maduka ya vyuma ili nichelewe. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nasema nikipata maneno. Sasa ninayo. "Yuko hai" ninayo, "nilikosea" ninayo, "nisamehe" tulifundishwa wiki iliyopita pamoja na vyombo vya jikoni. Mama Pasi alikuwa anapiga pasi shuka, redio inaongea, tulikuwa wawili tu. Nikaketi. Nikasaidia kukunja shuka. Nikasema mvua leo imepungua.

Aprili 13, Jumapili

Na nikubali jingine. Siku ile ya kwanza nilielewa. Utepe mweusi hauhitaji mkalimani. Nilielewa kabla sijaitikia, nikapima kwa nukta moja: kuwa mjane, au kuanza kueleza kwamba mume wangu yupo nyumbani anakuna nazi mimi niko huku. Nikaona ujane una heshima zaidi.

Hilo silo kosa la lugha.

Aprili 20, Jumapili

Simu ilipokelewa na binti. Akasema baba kaanguka kutoka juu ya paa alipokuwa akiziba pale panapovuja. Nikakaa chini kwenye ujia, mgongo ukutani. Nikapiga kelele, "Yuko wapi?" kwa Kiswahili, sauti ya kuamsha mtaa.

Kumbe yuko hapo hapo, anamnyang'anya mtoto simu. Kateguka kifundo cha mguu, kafungwa bandeji, anacheka. "Usiwe na wasiwasi, mama watoto. Sijafa."

Aliposema hivyo sikuweza kujibu. Akadhani mtandao umekatika, akawa anaita halo, halo. Mama Pasi akatoka jikoni akanikuta chini. Aliketi sakafuni pembeni yangu. Kwake mimi ni mjane aliyepata habari mbaya juu ya habari mbaya. Alinitazama ile simu mkononi kwa muda, halafu akatazama pembeni.

Uchuro wangu umefika mpaka kwenye paa. Maua yote yale, Alhamisi baada ya Alhamisi.

Aprili 24, Alhamisi

Nilijifanya kichwa kinaniuma. Mama Pasi akaenda peke yake. Nilimwona dirishani akivuka barabara na mafungu mawili, koti kaniachia mimi, kichwani kajifunika mfuko wa nailoni. Anakwenda kunifanyia msiba wangu.

Nimejificha humu chumbani siku nzima na mwili mzima kama nguruwe. Nimejidharau.

Mei 4, Jumapili

Anakuja. Kaka yake kamkatia tiketi, watoto watabaki kwa mama yangu. Atafika siku moja kabla ya sherehe ya kufunga shule, ambayo wenyeji na jamaa wote wamealikwa. Alikuwa ameficha mpango huo wiki nzima anifurahishe.

Nikasema ni mbali. Nikasema mguu wako. Nikasema watoto wana mitihani. Akaniacha nimalize yote, kisha akauliza, si kwa hasira, "Kwani hutaki wanione?"

Hakusema "kwani hutaki nije." Alisema wanione. Kumbe anajua. Miaka yote hii ya miji ninayoitaja kazini, alikuwa anajua, na hakuniuliza hata siku moja.

Nikamwambia njoo.

Mei 9, Ijumaa

Mficha maradhi, kilio humfichua. Wahenga walisema hivyo bila kujua kwangu kilio ndicho nilichotumia kufichia.

Mei 15, Alhamisi

Mama Pasi aliweka mafungu mawili mezani, akachukua koti anivishe. Nikarudi nyuma hatua moja, nikakataa kunyoosha mkono. Maneno yote ya muhula yakanikimbia. Nilibaki na Kihispania cha wiki ya kwanza.

"Mimi sema uongo," nikasema. "Mume yangu hapana kufa. Mume yangu iko. Yeye kuja Alhamisi nyingine."

Hakuelewa mara moja. Akaniuliza nirudie. Nikarudia. Nikaona linavyomwingia: alitazama maua, akatazama picha ya ukutani, akatazama simu yangu. Akaketi kwenye kiti cha kupigia pasi, koti mapajani.

"Anakupiga?" akauliza.

Nikasema hapana.

"Mlevi? Ana mwanamke mwingine? Amekuacha?"

Hapana, hapana, hapana.

"Basi kwa nini?"

Nilitaka kusema ni uchovu wa safari, ni lugha, ni mazoea ya mapokezi. Zote ninazijua sasa kwa Kihispania. Nikasema, "Hana kazi."

Mvua ilikuwa inagonga bati la dirisha lile asilolifunga.

"Hana kazi," akasema. "Basi ndiyo ukamuua."

Akasimama, akalitundika koti kwenye hanga, akalipangusa mabega. Aliongea akiwa amenipa mgongo, na hakupunguza kasi ili nimwelewe, lakini nilimwelewa. Wake angekaa pale bila kazi mpaka leo, pale kwenye kile kiti, naye angempigia pasi mashati ya kukaa nayo tu.

Koti akaliingiza chumbani kwake, akafunga mlango. Alipotoka alichukua fungu moja la maua. La pili akalitia kwenye glasi, akaliweka katikati ya meza.

"Hayo utampa mwenyewe," akasema, akaenda kwa mumewe.

Mei 16, Ijumaa

Shuleni nilimwambia Mwalimu. Alifuta miwani muda mrefu. Mpishi nilimweleza wakati wa chai, nikitegemea atacheka. Akauliza kama machozi yake aliyonipa naweza kuyarudisha, halafu akasogeza kiti chake mbali kidogo na changu. Nadhani nusu alikuwa anatania. Ile nusu nyingine ndiyo inayoniuma.

Mei 17, Jumamosi

Mama Pasi ananipakulia, haketi. Nikikosea neno hasemi "rudia." Ananiacha nikosee.

Mei 18, Jumapili

Simu ya mwisho kabla hajasafiri. Nilikuwa nimejipanga: nitamwambia habari ya ile sentensi, nitamfundisha ya kweli, ana siku nne za kuikariri. Akapokea akiwa na furaha, anafunga begi, kaazima koti la suti la kaka yake, mikono mirefu kidogo. Akanisomea sentensi zake zote mbili bila kukosea hata herufi. Nikasikia mama yangu nyuma anampigia makofi.

Nikasema, "Umeiva." Ndicho nilichosema.

Mei 21, Jumatano

Maua yamekauka kwenye glasi. Nilipotaka kuyatupa Mama Pasi akayarudisha mezani.

Mei 22, Alhamisi

Amefika. Nimeomba nikae huku chumbani kidogo niandike, wao wako sebuleni, nawasikia.

Nilikwenda kumpokea kituo cha mabasi. Tulikumbatiana kwenye manyunyu, begi lake miguuni, akiegemea mguu mzima. Kapungua. Nilinusa sabuni ya nyumbani kwenye shingo yake, nikasahau kila kitu kwa dakika moja. Njiani nilitaka kuongea, yeye alikuwa akishangaa madirisha ya maduka, mara mota ya feni hii inasukwa hivi, mara bomba lile wamelifunga vibaya. Nikasema, "Kuna jambo nataka nikuambie." Akasema, "Subiri nimsalimie mwenye nyumba kwanza, nisije nikasahau maneno yangu."

Mama Pasi alifungua mlango kabla hatujabisha. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Mume wangu akaweka begi chini, akavuta mikono ya suti ya kaka yake, akasimama wima kama mtu aliyeitwa kwenye usaili. Maji yalikuwa yanamtoka nyweleni. Akasema, kwa sauti kubwa na safi:

"Soy su esposo. Tengo negocios y viajo mucho."

Akatabasamu. Alikuwa amesema ukweli wake wote kwa pamoja, au ndivyo alivyojua, na alikuwa anangoja apokewe nao.

Mama Pasi hakumjibu. Alinitazama mimi. Nimewahi kutazamwa vibaya na wageni waliokosa vyumba, na wakubwa, na mama mkwe. Hakuna aliyewahi kunitazama vile.

"Mwambie alichosema," akaniambia.

Mume wangu akageuka kwangu. "Nimekosea?"

Nikamwambia. Palepale kizingitini, kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile bila kunong'ona. Nilimwambia hakukosea yeye. Nilimwambia amejitambulisha kuwa mfanyabiashara anayesafiri, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha. Tabasamu halikumtoka mara moja, liliondoka kidogo kidogo. Akatazama viatu vyake. Kwa kuwa nilikuwa nimeshayavulia maji nguo, nikayaoga: nikamwambia na la kabla ya hapo. Kwamba siku ya kwanza niliulizwa kama amekufa, nikaitikia. Kwamba kwenye ile glasi pale mezani ni maua yake.

Akayatazama maua.

"Basi nashukuru," akasema mwishoni. "Nimefufuka na biashara juu."

Ni utani wake wa siku zote, lakini hakunitazama alipousema. Nilitaka kumshika mkono. Akaupeleka mfukoni.

Mama Pasi akaleta taulo, akampa. Koti halikutoka. Akamvuta kiti, si kile cha kupigia pasi, kile kingine, ambacho sijawahi kuona mtu amekikalia tangu nimefika. Mume wangu akajifuta uso, akaniambia nimuulize mama: ile ya kweli inasemwaje?

Sikuhitaji kutafsiri. Mama Pasi aliinama mbele yake, mikono magotini, akaisema polepole, kipande kwa kipande. No tengo trabajo. Cuido a los niños. Sina kazi, nalea watoto. Mume wangu akaifuata, ulimi ukamgonga, akaanza upya. Mama Pasi akasema, "Rudia." Akarudia. Ilipomtoka vizuri aliisema tena bila kuambiwa, ameinua kichwa, akimtazama mama usoni, kama alivyotaka kuisema tangu Machi.

Mama Pasi akampa mkono. Akamwambia karibu.

Kisha akanigeukia mimi, nikiwa bado nimesimama karibu na mlango na begi la mume wangu mkononi.

"Na wewe."

Nikasema mume wangu hana kazi. Nikasema analea watoto wetu. Nilisema taratibu, na mume wangu akatambua maneno, maana ndiyo kwanza ameyapata. Hapo ndipo aliponitazama. Sijawahi kuyasema hayo mbele ya mtu, si kazini, si kwa mama yangu, si kwa lugha ninayoijua wala nisiyoijua, na sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Rudia," akasema Mama Pasi.

Nikarudia.